Dohani ya Mwisho Pálkút

Kila asubuhi, kabla hata ya kujifunga kitambaa kichwani, Bibi Aranka Bedő alikuwa akiwasha jiko lake la kuni. Hakuwasha kwa ajili ya baridi pekee. Aliwasha ili ng'ambo ya bonde, katika ile nyumba ya manjano iliyo chini ya mizabibu, mdogo wake Ilka ainue macho aone moshi, ajue kwamba dada yake kaamka salama. Kisha Aranka alijipangusa majivu mikononi, akasogea dirishani kuutafuta moshi wa Ilka. Akiuona umepanda, roho yake ilitulia, akaenda kuwapa kuku chakula.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Kwa mdomo hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na kitu.

Kisa chenyewe ukimsimulia mtu wa mjini atacheka, kwa hiyo watu wa mjini hatuwasimulii. Kwetu huku Zala, magharibi mwa Hungaria, mtu akichinja nguruwe wakati wa baridi, huwapelekea ndugu na majirani sahani ya kuonja: soseji mbili tatu, kipande cha mbavu, mafuta yaliyokaangwa yakakauka. Sahani ile hurudishwa bila kuoshwa. Inarudi na mafuta yake vilevile, kwa sababu ukiiosha umeiosha na bahati ya nguruwe wa nyumba ile. Mtoto wa kijiji chetu cha Pálkút analijua jambo hilo kabla hajaijua sala. Ilka naye alilijua. Ila Ilka alikuwa amekaa mjini miaka mingi akifanya kazi katika jiko la hospitali, mahali ambapo sahani chafu ni dhambi, na mkono ukishazoea jambo hauombi ruhusa kwa kichwa. Sahani ya dada yake aliirudisha inang'aa.

Kiangazi kilichofuata, nguruwe wawili wa Aranka walikufa kwa homa. Jumapili moja, watu wakitoka misani, Aranka alimsimamisha mdogo wake mbele ya mlango wa kanisa akamwambia kwamba amemuulia mifugo. Ilka akamjibu kwamba kilichoua mifugo ni uchafu wa zizi, na kwamba bahati inayoondoka kwa sabuni haikuwa bahati tangu mwanzo. Hakuna aliyewaingilia. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi Pálkút nzima ikaenda kulima.

Lőrinc, mume wa Aranka, alipofariki miaka michache baadaye, Ilka alikuja mazishini. Alisimama nyuma kabisa, karibu na lango la makaburi, akaondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Aranka alimwona. Lakini yeye ndiye mkubwa, na mdogo ndiye humwendea mkubwa, hilo halikuwa na mjadala. Kesho yake aliwasha jiko mapema kuliko siku zote, na alipotazama ng'ambo, moshi wa Ilka nao ulikuwa umeshapanda. Alilia pale dirishani kuliko alivyolia kaburini.

Sasa habari ya kisima. Katikati ya bonde, kwenye uwanja wa bata bukini, kulikuwa na kisima cha mafuta ambacho Lőrinc alikuwa mmoja wa vijana waliokichimba. Kilitoa mafuta kwa muda mrefu, kikakauka, na kampuni ikakiziba mdomo kwa saruji ikaenda zake. Kikabaki kisiki cha chuma chenye kutu, watoto wakikikalia na bata wakijikuna kwacho. Hakuna aliyekifikiria tena. Kumbe mafuta ndiyo yaliyokwisha. Joto la huko chini, zaidi ya kilomita mbili ardhini, lilikuwa palepale.

Wazo la kulifuata lililetwa na mwenyekiti wa kijiji, Hajnal Szita, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na asiyejua kukata tamaa. Wanakijiji wakaunda ushirika. Wahandisi wakaja, wakaizibua ile saruji, wakatumbukiza bomba ndani ya bomba. Maji yanateremka baridi kwa nje, yanachemka kwa joto la mawe huko chini, yanapanda kwa ndani, yanazunguka nyumba hadi nyumba kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani, halafu yanarudi ardhini kupashwa upya. Kuni hakuna, majivu hakuna, moshi hakuna. Kwa watu waliozeeka wakipasua magogo, ilikuwa kama kuambiwa kwamba maiti ya zamani imeamka na kujitolea kuwatumikia.

Siku ya kufungulia maji, mwezi wa Oktoba, padri alibariki pampu, bendi ya zimamoto ikapiga matarumbeta, watu wakala viazi vya kukaanga na vitunguu, wakanywa pálinka, ile pombe kali ya matunda, hadi wengine wakaimba nyimbo za arusi kwenye shughuli isiyo na bibi arusi. Aranka hakwenda. Alikaa dirishani. Alfajiri ya siku ile moshi wa Ilka ulikuwa umepanda kama kawaida. Kesho yake haukupanda.

Sababu aliijua, hakuwa mjinga. Alijua Ilka ameunganishwa, kwamba anakaa na blauzi nyepesi ndani ya nyumba yenye joto, hana haja tena ya kupiga magoti mbele ya jiko. Hata hivyo alisimama pale dirishani hadi kuku wakaanza kudonoana kwa njaa. Alikuwa mpweke tangu Lőrinc afe, lakini upweke ule alishauzoea, ulikuwa kama kiti cha zamani ndani ya nyumba. Huu wa sasa ulikuwa mpya na ulikuwa na jina la mtu.

Moja baada ya nyingine, dohani za Pálkút zikanyamaza. Bomba lilipanda mlima hadi langoni kwa Aranka, na hapo likakomea, mdomo umefungwa kwa kofia ya chuma. Pale lilipokomea udongo ulikuwa na uvuguvugu, na paka wa mtaa mzima walipageuza kitanda.

Hajnal alikuja mwenyewe, akaketi jikoni na viatu vyake vya matope.

"Bibi Aranka, bomba limefika langoni. Linakusubiri wewe tu."

"Lisubiri. Mimi sikuliita."

"Lakini mumeo ndiye aliyekichimba kisima kile!"

"Mume wangu alichimba mafuta. Maji ya moto hakuwahi kunitajia."

"Una karibu miaka themanini, Bibi, na bado unapasua kuni kwa mgongo huo. Unamkomoa nani?"

"Namkomoa shetani. Kunywa chai yako, inapoa."

Hajnal alikunywa chai, akacheka, akaondoka akidhani ni ukaidi tu wa kizee. Aranka alibaki akikiosha kikombe. Angemwambiaje? Kwamba ikiwa yeye hauoni tena moshi wa Ilka, Ilka bado anauona wa kwake, na huo ndio uzi wa mwisho uliobaki? Kwamba akilikubali lile bomba uzi utakatika pande zote mbili, na siku atakayokufa hakuna atakayejua hadi Jumapili, binti yake atakapopiga simu kutoka Graz, Austria, ikalia bila kupokewa? Maneno kama hayo hayasemwi mbele ya mtu mwenye viatu vya matope na haraka ya kwenda mkutanoni. Kwa hiyo alikataa. Ungeweza kumletea askofu, angekataa.

Kijiji hakikuchelewa kumpa jina. Wakamwita Gari Moshi. Akiingia dukani, Bözsi wa dukani alikuwa ameshamwandalia utani.

"Karibu, Bibi Aranka! Hebu niambie, mimi nimeanika mashuka yangu yakiwa meupe, nimeyaanua yananuka soseji. Nifanyeje?"

"Umshukuru Mungu. Sasa mumeo atakukaribia."

Duka zima likacheka, Bözsi kuliko wote, na Aranka akatoka na unga wake na chumvi yake, uso mkavu. Alijua kuchekesha. Hakuna aliyejua kwamba utani ule dukani ndiyo maneno pekee aliyoyasema kwa sauti wiki ile, ukiacha yale ya kuwakemea kuku.

Novemba wakatangazwa wageni wa mkoa, na wapiga picha, wanaokuja kuonyeshwa kijiji kisicho na moshi. Hajnal akapanda tena mlimani, safari hii bila kicheko.

"Bibi Aranka, nakuomba. Kesho asubuhi tu. Nitakuletea hita ya umeme, nitakuletea chai, nitakuletea chochote. Usiwashe asubuhi moja tu."

"Hapana."

"Jamani! Nipe sababu moja. Moja tu ya kueleweka, na sitakusumbua tena maishani."

Sababu ilimpanda Aranka hadi kooni. Alimtazama yule mwanamke aliyechoka, mwenye nia njema, na kwa kitambo kidogo nusura aiseme. Kisha akaona jinsi itakavyozunguka dukani, jinsi itakavyomfikia Ilka kwa mdomo wa Bözsi ikiwa imeongezwa chumvi: dada yako anajifukizia moshi kwa ajili yako. Akaimeza.

"Nina mkate wa kuoka," akasema.

Asubuhi ya wageni aliwasha, na kwa vile hasira ilikuwa imempata, akatia na kuni mbichi za mplamu. Moshi ulitoka mzito wa bluu, ukalala juu ya bonde lote, ukaufunika uwanja wa bata na pampu na wageni wenyewe. Hajnal hakumsalimia wiki nzima, halafu akamsalimia, maana Hajnal kunyamaza ni kazi asiyoiweza. Aranka upande wake aliona aibu kidogo. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ya siri: moshi wa namna ile Ilka ameuona hata kama alikuwa ameupa mgongo.

Katikati ya Januari theluji ilianguka siku mbili mfululizo, na Aranka akashikwa na kikohozi. Jumatatu aliamka kifua kimebana na miguu haimtii. Kibanda cha kuni kilikuwa nje, hatua chache tu, lakini asubuhi ile kilikuwa mbali kama Budapest. Alirudi chini ya mfarishi wa manyoya ya bata akalala akitetemeka.

Simu ilikuwa juu ya kabati, angenyosha mkono angeifikia. Angeweza kumpigia Tihamér, mtumishi wa kijiji, ambaye huzunguka na gari la kijiji akiwapelekea wazee chakula cha mchana na dawa. Tihamér angefika mara moja. Aranka aliitazama simu, akaiacha. Lilikuwa limemjia wazo la kitoto na la kutisha: leo moshi haupo. Leo Ilka ataona. Leo Ilka atakuja.

Aliinuka nusu akazichana nywele. Alifikiria atakachosema mlango ukigongwa. Kwanza alipanga kusema, "Umechelewa miaka kumi." Baadaye, homa ilipopanda, akaona hilo ni kali mno, akapanga kusema tu, "Ingia, usivue viatu." Alasiri ilipofika alikuwa tayari kusema chochote. Alisikiliza kila kitu: theluji ikiteleza kutoka paani, mbwa wa jirani, gari likipita bondeni. Lango halikulia.

Jumanne halikulia pia. Maji kwenye glasi yake yaliganda utando juu.

Zamani Pálkút, dohani ikiwa haijatoa moshi hadi saa tatu asubuhi, jirani angekuja kugonga. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Mtu alitoka nje kukojolea mti au kumwaga maji machafu, macho yakapanda yenyewe juu ya mapaa, yakahesabu bila kujua yanahesabu. Marehemu József wa kinu aliokolewa hivyo, na mama yake Bözsi. Sasa dohani zote zilikuwa kimya na watu wote walikuwa hai, na macho yalikuwa yameacha kupanda. Hata ile dohani moja iliyobaki, waliyoitukana na kuitania kila siku, siku iliponyamaza hakuna aliyesikia. Mimi nasema bila kificho: ni aibu yetu sote, na bomba halina kosa.

Aranka alianza kwa hasira. Alimlaani Ilka, akamlaani na mama yao aliyemzaa Ilka, halafu akatubu kwa hilo la pili. Hasira ikaisha ikaja huzuni, akalia kimya, maana hata kulia kulikuwa kunamkohoza. Lakini Jumatano alfajiri homa ilishuka, na kichwa kilipotulia likamjia jambo lililomkalisha kitandani wima. Ikiwa yeye amelala pale siku mbili pasipo mtu kujua, je, Ilka? Dohani ya Ilka ilikuwa kimya tangu Oktoba. Nyumba yake ilikuwa na joto usiku na mchana, awe hai, awe maiti. Nani anajua Ilka amelala tangu lini?

Alivaa koti la ngozi ya kondoo la Lőrinc, akachukua fimbo, akatoka. Kwa mara ya kwanza maishani hakukumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa.

Aliwapita paka langoni, akateremka polepole akishika uzio wa kila nyumba. Kila mara kifua kilipombana alisimama akajifanya anatazama mandhari. Mbele ya duka, Bözsi alikuwa akizoa theluji kwa koleo.

"Lo! Leo Gari Moshi limetoka stesheni!"

Aranka akainua fimbo kumsalimia. Hakuwa na pumzi ya kujibu. Bözsi alisubiri jibu la kuchekesha, hakulipata, akaendelea na koleo lake. Hakujiuliza lolote.

Kisha uwanja wa bata, nyumba ya pampu ikinguruma taratibu, kisha mlima wa upande wa pili. Alipofika mbele ya nyumba ya manjano nguo zake za ndani zilikuwa zimelowa jasho. Aligonga mlango mara moja tu, kwa kuogopa kimya kitakachofuata.

"Nani?" sauti ikauliza.

Aranka akaegemea fimbo yake. "Mimi."

Kitasa kikatikisika na mlango ukafunguka. Ilka alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Alikuwa akitazama pembeni kidogo ya uso wa dada yake.

"Dada?"

"Kumbe uko hai."

"Kwa nini nisiwe hai? Ingia, baridi inaingia."

Aranka aliingia. Joto la jikoni lilimpiga usoni hadi akapepesuka, akashika ukingo wa meza. Alikuwa amekusudia kushukuru Mungu na kuondoka, lakini alipomwona mdogo wake amesimama mzima, mkavu, ndani ya joto lile, ile hasira ya Jumatatu ikarudi.

"Nimelala siku mbili bila moto, Ilka. Sina moshi tangu Jumatatu. Nimelala nikisubiri mlango ugongwe. Na wewe umekaa hapa na dirisha lote hilo!"

Ilka akakunja uso. "Moshi ulikuwepo."

"Haukuwepo."

"Jana ulikuwepo. Na juzi. Usinidanganye nyumbani kwangu."

"Uliuona kwa macho yako?"

Ilka alinyosha mkono akaitafuta meza, akaufuata ukingo wake kwa vidole hadi kwenye kiti, akaketi. Ndipo Aranka akaona. Akaona kopo la chumvi lililofungwa mpira ili lisichanganywe na la sukari, na kamba iliyofungwa ukutani kutoka jikoni hadi chumbani. Akayaona na macho ya Ilka yenyewe, yametulia mahali pasipo kitu.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. La kulia limekufa, la kushoto linajua kuna mchana na kuna usiku, basi. Daktari alisema haliponi."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Ukisema huoni, wanakupakia garini wanakupeleka nyumba ya wazee. Mwanangu anatafuta sababu tu." Akalisogeza kopo la chumvi. "Wewe ningekwambia. Nilikuwa ninangoja uje."

Aranka alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akingoja aendewe, kwa kuwa ni mkubwa. Maneno hayo, aliyoyatunza kwa miaka, aliyaona ya kipumbavu kabla hayajafika mdomoni.

"Sasa huo moshi unaouona, unauonaje?"

Nje gari likasimama, mlango wake ukabamizwa. Ilka aliinua kidole. "Nyamaza. Usikie mwenyewe."

Akainuka, akafungua kidirisha cha jikoni. Aranka alikuwa amekaa nyuma ya mlango, ndani ya koti la Lőrinc, haonekani kutoka nje. Vibati vya chakula vilivyopandana vikapitishwa dirishani na mkono uliovaa glavu.

"Bibi Ilka, mrembo wangu! Leo supu ya maharage na maandazi ya jibini!"

"Asante, Tihamér mwanangu. Na niambie, miwani yangu bado imevunjika. Moshi wa Aranka upo leo?"

"Upo, Bibi, upo! Umejaa bonde zima! Lile Gari Moshi litatuzika sote!"

"Mzito?"

"Mzito kama kawaida! Haya, kesho panapo majaliwa!"

Gari likaondoka. Tihamér si mtu mbaya, mwulize yeyote. Anabeba wagonjwa mgongoni, anapasua barafu kwenye ngazi za wazee bila kuombwa. Ila aliulizwa swali lile lile kila siku kwa miaka mitatu, na kila siku jibu lilikuwa ndiyo, na mtu akiwa na jibu mfukoni huacha kulitafuta kwa macho.

Ilka alifunga kidirisha. Alibaki ameshika vibati vyake, uso umeelekea ukutani.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Amenidanganya mara ngapi?"

"Sijui. Labda siku hizi tatu tu. Siku nyingine alikuwa akisema kweli bila kutazama."

Aranka aliketi pale, uchungu na furaha vikimpanda pamoja, na hakujua akitoe kipi kwanza. Miaka mitatu alikuwa ameinama mbele ya jiko kila asubuhi kumpelekea salamu mtu asiyeona. Kuni zote zile, mgongo wote ule, matusi yote yale. Na miaka mitatu hiyo hiyo, kila siku ya Mungu, mtu huyu kipofu alikuwa amefungua kidirisha hiki akaulizia hali yake. Hakuwa amesahauliwa hata siku moja. Na hilo lisingemwokoa.

"Ungekufa," Ilka akasema.

"Ningekufa."

"Na mimi ningekaa hapa nakunywa supu, nimetulia."

Ilka aliweka vibati mezani, akanyosha mkono hewani, akaupata mkono wa koti, akaupapasa ule mkono wa ngozi ngumu, iliyokuwa bado na ubaridi wa nje, hadi akavifikia vidole vya dada yake. Akavishika.

"Kesho nitamuuliza nani?" akauliza.

Aranka aligeuka akatazama dirishani, kwa sababu hakutaka mdogo wake asikie anavyopumua. Ng'ambo ya bonde, juu ya uwanja wa bata, aliiona nyumba yake. Hakuwa ameitazama kutoka upande huu tangu ule ugomvi. Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri. Theluji ilikuwa imelala juu ya paa lote hadi kwenye mdomo wa dohani, na njia ya langoni ilikuwa na nyayo za mtu mmoja, zinazotoka.

"Unatazama nini?" Ilka akauliza.

"Nyumba yangu."

"Ikoje?"

Aranka aliitazama kwa muda mrefu.

"Kama haina mtu," akasema.

Ilka hakuviachia vidole vyake. Kwa mkono mwingine alikitafuta kiti cha pili, akakivuta hadi kikagonga chuma cha joto ukutani.

"Basi vua koti," akasema.